Jino likinyamaza halijapona: jinsi matibabu ya mzizi yanavyookoa jino

(Muziki wa kipindi. Unapungua taratibu.)

Mtangazaji: Leo tunazungumza juu ya jino.

Nianze na jambo lililonipata mimi mwenyewe. Nilikuwa kidato cha tatu. Gego moja la juu lilianza kunichoma kila nikinywa maji ya baridi. Nikanyamaza. Baadaye likawa linaniamsha usiku. Mama akanipa karafuu, jirani akanipa vidonge. Karibu wiki mbili sikulala vizuri. Kisha asubuhi moja nikaamka, maumivu hayapo kabisa. Nikamwambia mama, "Jino limepona." Tukamshukuru Mungu.

Miezi minne ilipita. Siku moja shavu likavimba mpaka jicho likaanza kufumba. Nilipofika kwa daktari wa meno, alitazama, akagongagonga lile gego, akaniambia, "Siku lilipoacha kuuma ndiyo siku lilipokufa." Jino likang'olewa. Kama ningekwenda mapema, huenda hadi leo ningelitumia kutafunia mahindi.

Kwa hiyo msikilizaji, kama una jino lililokuuma sana halafu likanyamaza lenyewe, kipindi cha leo ni chako.

(Muziki mfupi.)

Ndani ya jino kuna nini?

Wengi wetu tunaliona jino kama jiwe. Lakini jino ni kitu hai. Lifikirie kama nyumba. Nje kuna ganda jeupe linaloitwa enameli. Hilo ndilo gumu kuliko kitu chochote kingine mwilini, hata mfupa haulifikii. Enameli haina mishipa ya fahamu, haisikii maumivu. Chini yake kuna tabaka la manjano kidogo linaloitwa dentini. Hili ni laini kuliko enameli, nalo linapitisha baridi na joto hadi ndani. Na katikati kabisa, kama chumba cha ndani cha nyumba, kuna kiini cha jino. Kiini ni nyama laini yenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Kinashuka kupitia vijia vyembamba ndani ya mizizi, hadi kwenye tundu dogo sana katika ncha ya mzizi. Kupitia tundu hilo ndipo damu inaingia na kutoka.

Sasa, jino linatobokaje? Huko nyumbani wazee walituambia kuna mdudu anayetafuna jino. Mdudu huyo hayupo. Waliopo ni bakteria, vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo vinaishi katika utando unaonata juu ya meno. Sisi tukila sukari, na wao wanakula. Wakishakula wanatoa asidi, na asidi hiyo inamomonyoa enameli kidogo kidogo. Si jambo la siku moja. Linaweza kuchukua miezi au miaka kabla hujaona tundu.

Usione aibu kama meno yako yametoboka. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba karibu watu bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa, na kuoza kwa meno ndiko kunakoongoza. Si maradhi ya wakimbizi peke yao wala ya watu wachafu.

(Muziki mfupi.)

Jifunze kusikiliza maumivu ya jino lako

Jino linaongea. Linaongea kwa hatua tatu, na kila hatua ina tiba yake.

Hatua ya kwanza: ukinywa kitu cha baridi au kitamu, jino linachoma, halafu maumivu yanaisha baada ya sekunde chache. Hapa kiini bado ni kizima au kimesumbuka kidogo tu. Jino la namna hii mara nyingi linasafishwa na kuzibwa, kazi ikaisha.

Hatua ya pili: maumivu yanakuja hata kama hujala kitu. Ukinywa chai ya moto yanabaki kwa dakika nyingi. Usiku yanazidi, yanapiga kama moyo. Kwa nini usiku? Kwa sababu ukilala, damu nyingi zaidi inafika kichwani, na kiini ambacho tayari kimevimba kinabanwa zaidi. Kidonda cha mguuni kikivimba, ngozi inanyooka. Jino halinyooki. Kiini kimefungiwa katika chumba chenye kuta ngumu, kikivimba hakina pa kwenda, mwisho mishipa ya damu inabanwa na kiini kinaanza kufa.

Hatua ya tatu: kimya. Kiini kimekufa, na mishipa yake ya fahamu imekufa nacho. Baridi huisikii tena, moto huusikii. Lakini bakteria hawajafa. Wanaendelea kuishi ndani ya kiini kilichooza, wanashuka kwenye mzizi, wanatokea kwenye ncha na kuingia katika mfupa wa taya. Hapo usaha unajikusanya. Jino linaweza kuuma ukiling'ata, au kuonekana refu kuliko mengine. Wakati mwingine kinatokea kipele kwenye ufizi, kinapasuka, kinatoa usaha wenye ladha mbaya, kisha kinarudi. Kipele hicho ni mlango wa jipu.

Katika hatua ya pili na ya tatu, kuziba juu peke yake hakutoshi. Ni kama kufunga mlango wakati mwizi yuko ndani. Zinabaki njia mbili: kuling'oa jino, au kulitibu mzizi.

(Muziki mfupi.)

Matibabu ya mzizi yanafanywaje?

Matibabu ya mzizi maana yake ni hii: daktari anakitoa kiini kilichoharibika, anasafisha vijia vya ndani ya mizizi, anavijaza, anafunga. Jino linabaki mahali pake. Mtu aliyekuwa ndani ya nyumba hayupo tena, lakini nyumba imesafishwa, imezibwa, na bado imesimama.

Kwanza daktari anapiga picha ya eksirei, ili aone mizizi ilivyo na kama mfupa umeliwa. Kisha anakuchoma sindano ya ganzi. Ganzi ikishashika, analizungushia jino kipande chembamba cha mpira, kama turubai dogo lenye tundu moja ambalo jino linatokeza. Kazi ya mpira huo ni kuzuia mate yenye bakteria yasiingie ndani ya jino, na vifaa na dawa zisikuponyokee kooni. Madaktari wa meno wameutumia tangu mwaka 1864.

Hapo anatoboa tundu juu ya jino mpaka afike kwenye kiini. Jino la mbele kwa kawaida lina kijia kimoja. Magego yana vijia vitatu au vinne, na vingine vimepinda. Ndiyo maana jino la mbele ni rahisi zaidi kutibu, na gego linachukua muda mrefu na gharama kubwa.

Kuvisafisha, daktari anatumia vitupa, vyembamba kama sindano ya kushonea. Mmarekani mmoja aliyeitwa Edward Maynard ndiye anayetajwa kuwa alitengeneza kifaa cha kwanza cha namna hiyo mwaka 1838, kwa kutumia springi ya saa. Siku hizi vingi vinatengenezwa kwa mchanganyiko wa madini ya nikeli na titani. Vinapinda bila kuvunjika ovyo, vinafuata kona za mzizi, na vingine vinazungushwa na mashine ndogo. Kipo pia kifaa cha umeme kinachomwonyesha daktari amefika umbali gani, ili asipite ncha ya mzizi.

Wakati wote huo anaosha vijia kwa dawa ya kuua bakteria. Mara nyingi ni dawa ya jamii ya klorini, ile tunayoijua kwenye maji ya bomba la kambini. Nakuomba sana, usisikie hivi ukaenda kusukutua na klorini au Jiki nyumbani. Itakuunguza kinywa na koo. Daktari anaitumia kwa kipimo, ndani ya jino peke yake, akiwa amezuia kwa ule mpira.

Vijia vikishakuwa safi na vikavu, vinajazwa gutapacha, kitu kama mpira kinachotokana na utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki, pamoja na gundi yake maalumu. Hapo bakteria hawana tena nafasi ya kuishi. Kazi inaweza kuisha kwa siku moja, au ukaitwa mara mbili au tatu.

Jambo la mwisho ambalo wengi wanalisahau: jino lililotibiwa mzizi limebaki na kuta chache, linavunjika kwa urahisi. Linahitaji kuzibwa imara juu, na kama ni gego, mara nyingi linahitaji kuvalishwa kofia. Ukiwekewa dawa ya kuziba kwa muda ukaambiwa urudi, rudi. Usiseme maumivu yameisha, basi. Dawa ya muda ikitoka, mate yanaingia na kazi yote inaharibika.

(Muziki mfupi.)

Maswali ambayo watu huuliza

"Je, inauma?" Kwa ganzi nzuri, wengi husikia kusukumwasukumwa tu. Ila ujue hili: mahali penye uvimbe na usaha mwingi, ganzi inashika kwa shida. Hiyo ni sababu nyingine ya kwenda mapema. Siku mbili tatu baadaye jino linaweza kuwa na maumivu madogo ukiling'ata, kisha yanaisha.

"Nimenunua amoksisilini dukani, si itaponya?" Hapana. Dawa husafiri ndani ya damu. Kiini kikishakufa, damu haifiki tena ndani ya jino, kwa hiyo na dawa haifiki. Uvimbe unaweza kupungua kwa siku chache, halafu ukarudi. Antibayotiki inatolewa na mganga pale maambukizi yameanza kusambaa mwilini, na hata hapo jino lenyewe bado linahitaji kutibiwa au kutolewa.

"Mama mjamzito anaruhusiwa?" Ndiyo, anaweza kutibiwa meno. Mama, mweleze daktari kwamba una mimba na ya miezi mingapi, atachagua dawa zinazokufaa. Kukaa na jipu ni hatari zaidi.

"Si bora kung'oa tu?" Wakati mwingine ndiyo. Jino likiwa limepasuka hadi kwenye mzizi, au halikubakiwa na kitu cha kushikia kiziba, au limelegea sana, kuling'oa kwa vifaa safi ndiyo tiba sahihi. Usimwone daktari mbaya. Lakini ujue kwamba jino la ukubwani likitoka halioti lingine. Ya jirani yanaegemea kwenye pengo, na la upande wa pili linaweza kushuka kulifuata. Magego yakitoka mengi, kutafuna kunakuwa kazi.

(Muziki mfupi.)

Na sisi tulio kambini?

Sasa tuongee ukweli. Zahanati nyingi za kambini hazina vifaa vya kutibu mzizi. Kinachopatikana mara nyingi ni dawa ya maumivu na kung'oa. Tiba ya mzizi inataka eksirei, daktari wa meno aliyefunzwa, na siku zaidi ya moja. Kuipata maana yake ni hospitali ya nje, kibali cha kutoka, nauli na malipo. Na rufaa zinatolewa kwanza kwa mwenye hatari ya kufa. Sitaki uzime redio ukidhani kesho utapangiwa tiba hii.

Lakini yako mambo unayoweza kuyafanya.

La kwanza, nenda jino likiwa katika hatua ya kwanza. Hapo ndipo mkimbizi ana nafasi kubwa zaidi ya kuokoa jino, kwa sababu kuziba hakuhitaji mitambo mikubwa. Katikati ya miaka ya 1980, hapo Tanzania, ilianzishwa mbinu ya kuziba meno bila umeme wala mashine ya kutoboa. Mtaalamu anakwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, kisha anaziba kwa dawa inayoshikamana na jino na kutoa floraidi. Mbinu hiyo imeenea nchi nyingi duniani. Uliza kama mtaalamu wa kinywa katika kituo chako anaifanya.

La pili, ukifika kituoni, uliza maswali haya kwa heshima: Jino hili linaweza kuzibwa? Kama haliwezi, linafaa kutibiwa mzizi au ni la kung'oa? Kuna siku ambayo daktari wa meno anatembelea kambi? Nikipewa rufaa, nani analipa, na nitaitwa mara ngapi? Kama ni jino la mbele la kijana, au gego ambalo ndilo pekee unalotafunia upande huo, liseme hilo. Linamsaidia mganga kuamua.

La tatu, kama ndugu amekutumia hela za kutibu mzizi mjini, hakikisha zinatosha hadi mwisho, pamoja na kuziba juu. Kuanza na kuishia njiani ni kupoteza hela na jino. Kama hazitoshi, kung'oa salama sasa ni bora kuliko kukaa na usaha mwaka mzima.

La nne, usimpe mtu wa mtaani kinywa chako. Koleo lisilochemshwa linaweza kukuambukiza homa ya ini na UKIMWI, na mzizi uliovunjikia ndani unaleta jipu jingine. Usiweke asidi ya betri, petroli wala kidonge cha aspirini juu ya ufizi. Vinaunguza nyama, na jino linabaki vilevile. Karafuu inapunguza maumivu kweli, na maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi yanasaidia kusafisha. Parasetamoli nayo inatuliza: mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima, na asimeze viwili kabla saa nne hazijapita tangu vya mwisho. Watoto wapewe kipimo chao, wala wasipewe aspirini. Hivyo vyote ni vya kukufikisha kwa mganga, si vya kukuponya.

(Muziki unasimama.)

Sikiliza hapa kwa makini. Zipo dalili ambazo hazisubiri kesho: uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni, uvimbe unaofunga jicho, kushindwa kufungua kinywa, kushindwa kumeza hata mate, kupumua kwa shida, au homa kali pamoja na uvimbe wa uso. Ukiona moja kati ya hizo, kwako au kwa mtoto, nenda kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Usaha wa jino unaweza kuziba njia ya hewa, au ukaingia kwenye damu. Watu wamekufa kwa jino. Mwambie mlinzi wa zamu na mhudumu wa afya ya jamii kwamba hii ni dharura.

(Muziki mfupi.)

Tumalizie nyumbani. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, hasa kabla ya kulala. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno. Kama huna dawa, mswaki wa mti ulio safi ni bora kuliko kukaa bila kitu. Na sukari: kinachoharibu meno zaidi ni kuila mara kwa mara mchana kutwa. Chai tamu iende pamoja na chakula, na mtoto asilale na chupa ya kitu kitamu mdomoni.

Jioni ya leo fanya jambo moja. Chukua tochi ya simu, mwangalie mtoto wako mdomoni, naye akuangalie wewe. Ukiona doa jeusi au tundu ambalo bado haliumi, usishukuru kwamba haliumi. Nenda nalo kituoni kesho. Sijui ni jino gani litaokoka, lakini lile linalopelekwa mapema ndilo lenye nafasi.

Kwa vikundi vya wasikilizaji, jadilianeni: Ni nani kati yetu aliwahi kuwa na jino lililoacha kuuma lenyewe, na baadaye likawaje? Katika kituo chetu cha afya, mtaalamu wa kinywa anapatikana siku gani? Usiku wa manane mtu akivimba shingo, tunampelekaje kituoni?



(Muziki wa kipindi. Mwisho.)